Mistari Miwili Hukutana Mara Moja

Usiku wa jana niliota mimi ndiye x. Sikushangaa. Kidato cha nne nilimtafuta x mpaka nikaambulia F, nikaona sawa, sasa zamu yangu kutafutwa.

Niko kwenye shamba la mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanauma. Kila nikipiga hatua moja mbele, ardhi inaninyanyua kiasi kilekile. Si zaidi, si pungufu. Najaribu kukata kona, shingo inagoma.

Mbele yangu fito mbili zimelala, moja juu, moja chini, hazigusani. Ni alama ya sawasawa.

"Mnyoofu wewe," fito ya juu inasema. "Huna kipeo, kile kinamba kidogo cha begani. Pita."

"Nimechoka."

"Wanyoofu wote wamechoka," ya chini inasema.

Mara namwona kaka yangu Mhina anakuja kwenye mstari wake, unaukata wangu. Mhina alienda machimboni Mererani, na tangu mfungo simu yake haipatikani. Kila jioni mama anamfunikia ugali, halafu ananigeukia mimi: "Mbelwa, kaka yako anarudi lini?" Mimi nijulie wapi.

Tunakutana. Swali lilikuwa hilo moja tu la mama. Mimi nikamwambia, "Kaka, ile chaja yangu ulienda nayo?"

"Iliungua," akasema, akapita.

Nataka kumwita. Miguu ishanipeleka mbele.

"Imeisha hiyo," fito ya juu inasema. "Mistari miwili iliyonyooka inakatana mara moja tu."

"Sijamuuliza la maana."

"Wengi hawaulizi."

"Sasa nifanyeje?"

"Beba kipeo cha pili, upinde. Ukipinda unaweza kumkata mara mbili. Au usimkate kabisa. Hatuahidi kitu."

Hapo shamba limeshakuwa chumba cha mtihani. Msimamizi ni namba mbili, kafupi, kamevaa koti. Bila hata kuniomba kananipanda bega la kulia, kanakaa karibu na sikio. Kazito kama mfuko wa saruji.

"Wewe si mnyoofu tena," kananinong'oneza. "Usizoee hatua zako."

Sakafu ikainama. Nikateremka, kila hatua mteremko ukipungua, mpaka nikagusa chini kabisa. Halafu nikaanza kupanda. Hatua ya kwanza, niko juu kwa moja. Ya pili, nne. Ya tatu, tisa. Pumzi sina. Lakini Mhina yule pale, kwenye mstari wake uleule, anatembea kama anaenda dukani.

"Dogo. Wewe tena?"

"Mama anauliza unarudi lini."

Akaangalia viatu vyake. "Sirudi. Nimeoa huku, mtoto anaanza kutambaa. Naona aibu kumwambia."

"Mwambie mwenyewe bwana."

"Si nimekwambia wewe," akasema, akapita. Kale kanamba begani kakasema nikikutana naye tena, basi nimekosea hesabu.

Naamka, kumekucha. Mama amesimama mlangoni na simu yake, kitenge hajakifunga vizuri.

"Mhina ametuma meseji," akasema polepole. "Anasema wewe ameshakujibu, nikuulize."

Nikavuta shuka mpaka kidevuni. Mama akaja akakaa miguuni kwangu, akasubiri.