Visheti vya Muhogo

Daktari wa mjini aliposema Mize asile mkate, bibi yake, Bi Mwatum, alilishika neno lile kwa mikono miwili. Mkate ukapigwa marufuku nyumbani: wa kusukuma, wa mofa, hata wa kumimina ambao ni mchele mtupu, madhali jina lake ni mkate. Lakini tambi hakuna aziitaye mkate, wala visheti. Basi mtoto akalishwa hivyo kwa mapenzi yote, na kila alipolishwa aliharisha, tumbo likamvimba, miguu ikabaki vijiti. Mama yake Mize alifariki akimzaa. Bi Mwatum alikwisha mzika mwanawe, na nguvu ya kumzika na mjukuu hakuwa nayo.

Mwenye duka Othman, kule Konde, ndiye aliyemfumbua macho, naye mwenyewe hana habari. Alikuwa akimpimia tambi.

"Chukua hizi, Bi Mwatum. Ngano yake safi."

"Ngano?"

"Kwani weye wadhani tambi zatoka wapi? Unga ule ule wa mkate."

Bi Mwatum alizirudisha tambi juu ya meza, akashika mwimo wa mlango. Njia nzima ya kurudi alisema peke yake, waliopishana naye wakadhani amefiwa. Kumbe adui alikuwa na jina lake, na jina lenyewe si mkate. Jioni ile alimimina mkate wa mchele na tui, Mize akala nusu nzima, na asubuhi akaamka anadai chai. Bi Mwatum alisujudu sijda ya shukrani pale pale jikoni, majivu yakamganda kwenye paji la uso.

Ila mtoto ni mtoto. Anataka wanachokula wenzake, na Mize alitaka visheti, navyo kwa kawaida ni ngano ya kukaanga. Bi Mwatum alijaribu unga wa mchele, vikamumunyukia mafutani vikawa uji. Akajaribu unga wa muhogo mkavu. Mize alikigonga kimoja sakafuni, akauliza kama ni vya kuchezea bao. Hatimaye akachemsha muhogo mbichi, akautwanga ungali wa moto, akauchanganya na unga wa mchele na tui zito, na safari hii vikashikana. Alivigaragaza katika shira ya iliki. Mize alikula mpaka akalamba vidole vya bibi yake.

Jirani yao, Bi Time, alichungulia juu ya ua akacheka. "Visheti vya muhogo? Mwakani tutasikia halua ya pweza."

Siku nyingine Bi Mwatum angemjibu, wakacheka wote. Lakini zama zile siasa ilikwisha ingia majumbani. Mume wa Bi Time yuko chama hiki, kaka yake Bi Mwatum yuko kile, na majirani walioazimana moto tangu usichana hawaazimani hata ungo. Bi Mwatum aligeuza mgongo.

Mize akaanza kunona. Ikaja Idi, na Idi ya watoto ni kupita nyumba kwa nyumba, kila mlango na sinia lake. Bi Mwatum hakulala vizuri kwa kuwaza masinia hayo. Akaamua Mize abaki ndani na visheti vyake. Alipoinama kuchochea moto, mtoto hayupo.

Alimkuta barazani kwa Bi Time, kisheti kimoja mkononi na kingine kinywani. Alimkamata bega, akamtia kidole mdomoni amtapishe.

"Mwache, shoga," alisema Bi Time. "Visheti vino vya muhogo."

"Na karai?"

"Jipya, halijaona ngano. Kulla siku nnakusikia wawagombeza watu wasitie ngano kwenye karai lako. Ule ua wa makuti, si ukuta."

Bi Mwatum alilitazama sinia. Vyote vilikuwa vya namna moja. "Na wana wengine watakula nini?"

"Vino vino. Nikimtengea chake, atajiona mgonjwa."

Bi Mwatum alinyoosha mkono kwenye sinia. Akachukua kisheti, akauma. Kilikuwa kigumu, jino likamlia.

"Umetia unga wa muhogo mkavu," alisema, na machozi yanamtiririka bila kificho.

"Basi nifunze. Mie nilichungulia mara moja tu, nawe ukaninunia."

"Na nyumba nyengine, Time? Huko mbele?"

"Nimezipitia zote, za chama changu na za chama chako. Kwa Mwanawema vitumbua vya mchele. Kwa Mgeni ndizi za kukaanga. Mwache mwana aende sikukuu."

Bi Mwatum alikuwa bado amemshika Mize bega, na vidole vyake havikuwa tayari. Alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru Bi Time kwa jina lake, kwa sauti, ili na mume wa mwenzake, aliyekuwa ndani, asikie. Ndipo akaachia. Mize alishuka baraza mbio, visheti kwenye pindo la gauni, wala hakugeuka nyuma.

"Leta muhogo mbichi," alisema Bi Mwatum, akainama kupita mlango wa jikoni kwa Bi Time.