Nguzo ya Kona

Agar alikuwa juu ya nguzo ya familia ya Kitsa, mkanda kiunoni na koleo mkononi, alipoona jani. Lilikuwa jani bichi la mkaratusi, limechomoza kwenye mti uliokatwa, ukakaushwa na kupakwa lami mwaka uliopita. Chini yake kulikuwa na mengine matatu manne. Akainua macho, akaona kile kikombe cheupe kinachoshikilia waya kimepasuka ubavuni na umeme unavuja kuingia kwenye mti. Akakibadilisha. Alipokuwa anarudisha vifaa vyake mfukoni, majani yalikuwa yameshanyauka. Akashuka, akaenda nyumbani kunywa chai.

Ndivyo uvumbuzi wake ulivyoanza kazi, ingawa yeye alikuwa ameupangia kazi nyingine.

Watu wa Butembo hawana mazoea ya kuingoja serikali, na mwaka ule wa 2000 hata wangetaka kuingoja wasingejua ni ipi. Kinshasa ilikuwa na yake. Huku milimani walikuwapo wanajeshi wa vuguvugu la waasi lililobadilisha jina mara kwa mara, na kila jina lilikuja na mihuri mipya. Basi kartie moja ya juu, mtaa ulio njia ya kwenda Beni, iliamua kujiwashia taa yenyewe. Mtambo uliletwa kwa vipande ndani ya magunia, ukafungwa kwenye maporomoko nyuma ya kilima. Kila familia ilitoa nguzo moja ya mkaratusi, ikachimba shimo lake, ikaandika jina lake juu ya nguzo kwa chuma cha moto, mahali ambapo mtu mzima anaweza kulisoma bila kuinama. Hakuna aliyewalazimisha. Hadi leo ukipita nao barabarani watakuonyesha ya kwao, na watakusimamisha hadi umalize kuisoma.

Fundi wa yote hayo alikuwa Agar. Alisomea umeme, msichana peke yake katika darasa lake, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Alijua thamani yake na alikuwa tayari kukuambia kabla hujauliza. Kwenye nyumba ya mtambo alitengeneza mkono wa mbao ulioning'inizwa mawe, ambao ulijisogeza wenyewe kugawa umeme: kwanza maternité, nyumba ya kuzalishia, halafu vinu vya unga, halafu majumbani. Mama akianza uchungu wa kuzaa, mkono ulishuka kidogo, na taa za wanaume waliokuwa wakicheza karata zikafifia. Nao wakatulia, wakajua kuna mtoto njiani.

Uvumbuzi wa pili ulikuwa wa kutafuta hitilafu. Chini ya kila nguzo Agar alifukia mkebe wa maziwa ya unga uliojaa makaa na chumvi, akauunganisha na uzi wa shaba ulioizunguka nguzo. Umeme ukivuja popote, kengele ilipaswa kulia kwenye nyumba ya mtambo. Kengele haikulia hata siku moja. Badala yake, nguzo yenye hitilafu ilichipua. Agar alilifikiria jambo hilo kwa siku chache, akaona kwamba majani ni bora, kwa kuwa kengele inasikiwa na mtu mmoja na majani yanaonwa na kila mtu. Kengele akawapa watoto wa shule ya Jumapili.

Sifa zikafika Beni. Wakuu wa kule, ambao ofisi zao ziliwaka kwa jenereta zinazokunywa mazuti kama walevi, walituma ujumbe uje kutazama. Wajumbe walishikashika nguzo, wakakwaruza lami, wakala kuku, wakarudi kwao na kujaribu kwa nguzo za chuma. Hazikuchipua. Butembo walicheka wiki nzima, kwa adabu, wakawatumia miche ya mikaratusi.

Furaha hiyo yote ilikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa nyumbani kwa Agar.

Mumewe, Kambere, ndiye aliyekuwa amechimba shimo la nguzo ya kona, pale barabara ya Beni inapopinda kuingia mjini. Nguzo ya kona huvutwa na waya pande mbili, kwa hiyo shimo lake huwa pana, lipate nafasi ya mawe ya kuikaza. Kambere alilichimba kwa mikono yake, akaacha nguzo ya familia yake imelala kando na jina lake juu yake. Kisha akasafiri hadi Kamango, karibu na mpaka, kupokea mviringo wa mwisho wa waya wa shaba ulionunuliwa kwa mchango wa kartie nzima. Dereva wa lori alisema alimrudisha salama na kumshusha karibu na kona, maana Kambere alitaka kuingia nyumbani kwa miguu, akizitazama nguzo moja moja. Tangu hapo hakuonekana.

Pale konani wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi. Komanda wa kizuizi alisema hajamwona mtu wa namna hiyo. Baadaye alisema amesikia kwamba Kambere ameuza shaba Uganda na anainywa huko na mwanamke mwingine. Alilisema mbele za watu, bunduki mapajani, na kamati ya laini ile ya umeme ikaona ni rahisi kumsadiki.

Mkuu wa kamati alikuwa Papa Malachie, shemasi na mwuza matairi ya baiskeli, mtu aliyeipenda laini ile kama mzaliwa wake wa kwanza. Alisema jina la mwizi haliwezi kusimama kwenye kazi safi. Wakaleta randa, wakaliparura jina la Kambere hadi mti ukabaki mweupe. Siku ya kuisimamisha nguzo, walikuta shimo limepungua kina. Wakasema ni mvua imeingiza udongo. Wakashindilia kwa miguu, wakatia mawe, wakaimba. Agar mwenyewe ndiye aliyeshika kamba.

Mama wa Kambere, Rébecca, alikataa kulala kilio cha mwanawe. Alisema mtu aliye hai haliliwi, na aliyekufa anaonyeshwa alipo, na yeye hajaonyeshwa kitu. Kila jioni alipakua sahani ya mwanawe, akaifunika. Kwa hiyo Agar hakuwa mke na hakuwa mjane. Alifanya kazi kwa bidii kuliko wanaume wote wa mji, na waliompita barabarani walimsalimu kwa heshima ya fundi na kuteremsha macho kwa ajili ya mume. Jambo hilo lilimuuma, na hakuna uvumbuzi uliomwondolea. Alitaka kujua Kambere alipo, na alitaka lile jina lirudi mahali pake.

Mvua kubwa zilipoanza, nguzo ya kona ikachipua.

Agar alipanda. Kikombe kizima, waya mzima. Alichimbua mkebe, nao ulikuwa mzima. Alibadilisha vyote hata hivyo, na majani hayakunyauka. Yalikua matawi. Nyuki wakaja. Alipopima, alikuta kwamba pale konani kuna umeme kidogo unaoteremka ardhini na haurudi. Akaenda kumwambia mama mkwe wake, aliyekuwa anachambua maharagwe uani.

"Mama, kuna mutu anakamata courant kule chini ya ile poto ya kona."

"Anakamata mingi?"

"Hapana. Ya kuwasha ampoule moja tu, ile ndogo."

Rébecca alitoa kokoto kwenye maharagwe, akaitupa.

"Kambere hakupendaka mingi," alisema. "Mais utamutosha mu shimo namna gani, muke wetu? Basoda beko pale na bunduki mchana na usiku."

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kufukua nguzo mbele ya kizuizi bila ruhusa kulimaanisha kumpa komanda sababu ya kuichukua laini yote, na mtambo, na taa ya maternité. Agar alimweleza Papa Malachie. Malachie alivua kofia, akaivaa tena, akaenda zake. Tangu siku ile aliacha kupita konani, akazunguka kwa njia ya shambani, mzee mzima, viatu vya Jumapili vikijaa matope.

Aliyetatua jambo ni komanda mwenyewe. Matawi yalikuwa yamefunika kizuizi, na madereva walipita moja kwa moja, kisha wakaapa kwamba hawakukiona. Komanda aliamuru yakatwe. Yakarudi manene zaidi, yenye maua. Aliamuru nguzo ipakwe mafuta machafu ya injini, ikazidi kunawiri. Basi akatangaza kwamba Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kartie yote itoke na majembe kuing'oa nguzo ile na kuisimamisha mbali na barabara. Asiyetoka atawekwa ndani.

Wote walitoka. Kwa kazi hiyo walitoka hata wagonjwa. Agar alizima umeme kwenye nyumba ya mtambo, akaja na koleo lake. Rébecca alikuja na shuka nyeupe iliyopigwa pasi, na hakuna aliyemwuliza ya nini. Papa Malachie alikuwa na jiko dogo la makaa, na ndani yake kipande cha chuma. Huyo naye hakuulizwa.

Waliing'oa nguzo, wakatoa mawe, wakaondoa udongo. Kambere alikuwa ameketi chini ya shimo, magoti kifuani, na mviringo wa shaba mikononi. Shati lake lilikuwa na matundu mawili. Uso wake ulikuwa uleule, na alipoguswa alikuwa na joto, kama nguzo iliyopigwa na jua. Ilionekana kwamba waliomzika walijaribu kumnyang'anya waya, maana vidole vyake vilikuwa na michubuko, na walishindwa. Wakamfukia pamoja nao kwenye shimo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelichimba vizuri.

Agar alipiga magoti ukingoni. Kambere akafumbua macho.

"Courant ilifika ku maternité?" aliuliza.

"Ilifika. Ilifika ya kwanza."

"Na waya ilitosha?"

"Tulitafuta ingine. Manyumba yote inawaka."

Kambere alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyemaliza kukagua. "Basi kamata hii," alisema. "Ni ya kartie."

Akafungua mikono. Agar alipokwisha kuupokea mviringo, mumewe akawa vile mtu anavyokuwa baada ya mwaka mzima ardhini, na Rébecca akateremsha shuka. Wanawake wakaanza kulia, kila mmoja kwa sauti yake, na wanaume walioliparura jina lake walilia zaidi.

Papa Malachie hakungoja kilio kiishe. Alichukua chuma chekundu kutoka kwenye makaa, akaiendea nguzo iliyolala, na mbele ya komanda na askari wake akaanza kuandika jina la Kambere palepale lilipokuwa. Moshi ukapanda. Komanda akamwuliza nani amemruhusu.

"Ile jina tuliitosha sisi," Malachie alijibu bila kuinua kichwa. "Sisi njo tunairudisha."

Herufi zilinyooka. Wako waliosema kwamba siku ile kartie yao ilisimama wima kuliko siku waliyowasha taa ya kwanza, na ni kweli.

Komanda alitazama mwili, akatazama jua limefika wapi. Alisema marehemu hakuwa na ruhusa ya kuzikwa kando ya barabara, lakini kwa kuwa yeye ni mtu wa huruma hatamfungulia mtu kesi. Kisha akaugonga mviringo wa shaba kwa ncha ya kiatu. Alisema kilichotoka ardhini ni mali ya vuguvugu, na kwamba waya huo utatosha kuleta umeme nyumbani kwake.

Kambere alizikwa kwenye migomba ya baba yake. Kartie nzima ililala kilio, moto uani na taa juu ya moto, na Rébecca akaosha ile sahani na kuiweka kabatini. Ule umeme mdogo uliokuwa unateremka konani ulirudi kwenye laini. Mkono wa mbao ulijisogeza wenyewe, ukaupeleka kwenye chumba cha kuzalishia, ambako taa ilizidi kung'aa kidogo. Nguzo ya kona iliposimamishwa upya ilikuwa imekauka vizuri, na jina lake jeusi likisomeka hadi ng'ambo ya barabara.

Kilio kilipokwisha, Agar alimjengea komanda laini yake. Kukataa kungewagharimu laini yote. Na kwa kuwa hakujua kufanya kazi mbovu hata kwa mtu yule, aliijenga sawasawa, kwa shaba ile aliyoipokea mikononi mwa mumewe, na chini ya kila nguzo akafukia mkebe wake wa makaa na chumvi. Asubuhi iliyofuata nguzo zote zilikuwa zimechipua, kutoka ya kwanza barabarani hadi ya mwisho kwenye dirisha la komanda.

Komanda alimwita. Agar alizipanda zote, moja baada ya nyingine, askari akimfuata chini na bunduki.

"Panne iko wapi?" komanda aliuliza, akitaka kuonyeshwa hitilafu.

"Ku waya, hapana panne," Agar alisema. Akafuta koleo lake, akaenda kwenye mota zake.

Nguzo zile ni za kijani hadi leo. Wageni wakipita njia ya Beni, wenyeji huwaonyesha kwa kidevu na kuwaambia kwamba laini hii waliijenga wao wenyewe, bila mtu kuwasaidia, na kwamba haijawahi kuficha hitilafu hata moja. Husema hivyo kwa sauti, kizuizi kikiwa palepale. Ilipofika majira ya baridi na ukungu, komanda alishikwa na kikohozi. Akamtuma askari kuchuma majani kwenye nguzo ya dirishani, yakachemshwa, naye akajifukiza chini ya blanketi, taa yake ikiwaka bila kuyumba. Asubuhi alikuwa amepona kikohozi, akarudi kwenye kizuizi chake kama kila siku.