Mabati ya Fikirini

Mume wangu Fikirini ni mtu wa maendeleo. Nalisema hili mapema, asije akadai nimemsengenya. Alikaa Kibiti miaka miwili akiuza simu, akarudi kwetu Mbwera na neno moja mdomoni: bati. Nyumba isiyo na bati, ati, ni banda la kuku. Basi mimi, watoto na mama yake mzazi tulikuwa kuku, na yeye sijui alitotolewa wapi.

Mama yake ni Bi Rukaiya. Miguu yake haifanyi kazi mwaka wa tatu huu, hatoki kitandani ila kwa kubebwa. Sauti, alhamdulillahi, anayo. Chumba chake kimepakana na chetu, na chochote anachotaka anaita: "Maimuna! Maji!" "Maimuna! Njoo unigeuze!" Naitika, naenda. Kinachonitisha ni masika, maana kifua chake hakitaki baridi. Mganga wa zahanati alishatuambia wazi: bibi huyu akilowa, mjiandae.

Kila mwaka kabla ya masika tulikuwa tunasuka makuti, tunaziba palipooza, mvua inapita. Mwaka huu Fikirini akasema hasuki hata ukuti mmoja. Kaagiza mabati Kibiti, yatapakiwa boti Nyamisati, na kesho saa nne asubuhi yako mlangoni.

"Baba Saadi," nikamwambia, "mwezi una siku saba leo. Maji mafu haya. Boti lenye mzigo litapitaje mlango wa mto?"

"Hilo boti la mashine, si mtumbwi wa babu yako."

Haya. Mtu kazaliwa kwenye tope hili, katahiriwa kwenye tope hili, na hata mtoto wa chekechea hapa anajua kwamba maji mafu hayajazi mto, mzigo mzito husubiri bamvua, maji makuu yanapojaa. Lakini yeye kaona lami ya Kibiti, akasahau. Kulipokucha akapanda juu na rafiki yake Dulla, wakaezua nyumba nzima. Tena hawakuishia hapo. Makuti aliyarundika uwanjani akayatia moto, watu wote waone kwamba yeye na makuti basi tena. Wakaona. Jirani yetu Bi Mwanabaraka, mtani wake tangu utoto, akaja huku anafikicha macho kwa moshi.

"Fikirini, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Msala wangu uko njiani," akajibu.

Saa nne ikafika, mabati hayakufika. Saa sita nahodha akapiga simu: amekwama mlango wa mto, mbele tope tupu, anasubiri bamvua. Siku sita. Saa tisa mvua ikashuka.

Astaghafirullahi, mvua ile! Nilimfunika mama mkwe kwa turubai, kwa mkeka, kwa khanga zangu zote, mwisho kwa mwili wangu. Bwana maendeleo kasimama katikati ya nyumba, kashika ndoo, sijui alitaka kuikinga mvua yote ya Mungu. Majirani wakaja kumbeba bibi wampeleke kwao. Akang'ang'ania kitanda.

"Marehemu aliniingiza humu kwa miguu yangu. Nitatoka kwa jeneza, sitoki kwa kuhurumiwa."

Akaanza kukohoa. Nililia kwa hasira, sifichi. Kisha nikatoka na mvua hiyo hiyo, nikapita mlango kwa mlango. Bi Mwanabaraka alinipa makuti yote aliyosuka kwa ajili ya jiko lake. Mwingine akatoa matatu, mwingine matano. Kufika magharibi chumba cha bibi kilikuwa kimeezekwa, wanaume juu, wanawake tunapokeza, na Bi Mwanabaraka hakunyamaza: "Mshikieni ngazi mtu wa bati, asije akachafuka!" Fikirini akawa anakata kamba. Siku sita mama yake alilala pakavu, kikohozi kikatulia. Sisi tukabanana jikoni kwa watu.

Bamvua likaja, mabati yakaja, fundi akapigilia. Nikamwomba mume wangu chumba cha mama akiache kama kilivyo mpaka masika yaishe.

"Nyumba ya bati yenye kiraka cha makuti? Watu watanicheka, Maimuna."

Kana kwamba walikuwa wamenyamaza. Makuti yakateremshwa. Na mimi nisijifanye malaika: nilipoiona nyumba inang'aa, nilifurahi.

Mvua kubwa ikaja siku ya tatu, adhuhuri. Hata tone halikuingia. Tulikaa chumbani kwetu tukitazama juu, tunacheka. Mabati yanalia mpaka hatusikilizani. "Unaona?" anapiga kelele sikioni mwangu. "Naona!" nami napiga kelele. Saa nzima, labda mbili. Mvua ilipokatika nikabeba uji, nikampelekea mama.

Kitanda kitupu.

Alikuwa sakafuni, nyuma ya mlango. Alikuwa amejiburura kwa viwiko mpaka vimechubuka, khanga imelowa mkojo, viganja vyekundu kwa kupiga mbao za mlango. Nikamwita Fikirini. Bi Rukaiya hakunitazama mimi, alimtazama mwanawe, na sauti ikamtoka kama ya mtu anayenong'ona msikitini.

"Nimeita. Nimeita mpaka sauti imekwisha. Nikajua mmehama, mmeniachia bati lenu."

Fikirini akaketi pale pale sakafuni, akalia kama mtoto. Nilitafuta neno la kumchoma, na maneno ninayo mengi, lakini na mimi nilikuwa nimekaa kule nacheka. Nikamwosha mama, nikambadilisha.

Jioni ile Fikirini alipanda mwenyewe, akang'oa mabati ya juu ya chumba cha mama yake, watu wote wakimwona. Akaenda kwa Bi Mwanabaraka kuomba makuti. Hayakuwepo, yote alishatugawia sisi, na yale tuliyoyateremsha yalikuwa yamechanika. Akamsogezea majani ya mnazi, akamwambia kaa usuke. Akakaa, akasuka.

Chumba sasa ni cha makuti, mvua ikinyesha, humo unasikia hata panya. Lakini sauti ya Bi Rukaiya haijarudi. Fikirini analala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, maana mama yake akitaka maji, anamgusa kwa mkono.