Somo Lililosikika Chumba cha Pili

Sheria ya mhadhiri wetu ilinikera tangu siku ya kwanza. Ugonjwa ulipofunga chuo na darasa likahamia kwenye simu, alituambia: "Wanangu, asiyetaka kuonyesha uso asionyeshe. Asiyetaka kusema anyamaze. Hapa hakuna atakayeulizwa kwa nini." Mimi, kiongozi wa darasa, nilinung'unika. Mwanafunzi ukimtandikia kitanda, si atalala?

Aliyenyamaza kuliko wote alikuwa yule tuliyemwita Mzaha, ambaye chuoni hata mtihani aliutania. Jina lake liko kwenye kioo kila kipindi, sauti hakuna. Nikamwandikia faragha: "We vipi? Siku hizi umeota mapembe?"

Jibu likaja: "Mimi ni dada yake. Kaka alifariki wiki iliyopita. Tumemzika bila mama."

Nilimpigia dada huyo papo hapo. Alinong'ona. Mama yao naye aliugua, yuko chumba cha pili na mtungi wa oksijeni, na daktari amewaonya wasimpe habari nzito mpaka pumzi imrudie.

"Akimuulizia kaka, namwambia yuko darasani," alisema. "Ndiyo maana nafungulia kipindi chenu kwa sauti kubwa, asikie. Tafadhali, msimtoe."

Nilisema pole, neno likawa dogo mno. Kisha nililia, wala sioni haya kulisema.

Nilimweleza mhadhiri. "Kusema uongo sijazoea," akasema. "Ila mama huyo simnyang'anyi mwanawe kabla hajapata pumzi ya kumlilia."

Kipindi kilichofuata wenzangu wote walikuwa wameshajua. Mhadhiri alifundisha kwa sauti iliyokauka. Katikati ya somo akasita, akamwita Mzaha kwa jina lake la kuzaliwa, taratibu, kama anayeita mtu aliye mlangoni.

"Kijana wangu, kazi yako nimeisoma. Umefanya vizuri sana. Tunajivunia kuwa nawe."

Nyuso zilianza kuzimika kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Dada alifungua maikrofoni ashukuru kwa niaba ya kaka yake. Kabla hajaanza, tukasikia kikohozi kwa mbali, kisha sauti ya mama, nyonge lakini imejaa furaha:

"Nimesikia! Mwambie kaka yako akimaliza aje nimwone."