Trei ya Skonzi

Mwaka jana wageni wetu kutoka mji wa Bradford walinywea chai yao kwenye magari. Niliwaona kupitia dirisha la jiko la klabu yetu ya kriketi: wamefungua buti za magari, wamekaa kwenye nyasi, wanagawana chakula walichokuja nacho. Huku ndani meza yangu ndefu ilikaliwa upande mmoja tu, kama harusi ambayo ndugu wa bwana harusi hawakutokea. Thelma, mwenzangu wa jikoni, akasema hao hawapendi chakula chetu. Mimi nikatazama sahani. Sandwichi za nyama ya nguruwe juu, za nguruwe chini, na za mayai zimebanwa katikati.

Kwetu mwenyeji ndiye anayelisha timu zote mbili. Timu ya kwanza ikimaliza kupiga, mchezo unasimama, watu wanakaa meza moja, aliyemtoa mwenzake na aliyetolewa, wanapitishiana sukari. Marehemu mume wangu Clifford, aliyekuwa mwamuzi hapa hadi magoti yalipomkatalia, alikuwa akisema timu zisizokula pamoja zimekuja kugombana tu.

Kwa hiyo safari hii, wageni walipoteremka, nilitoka na aproni yangu nikamfuata nahodha wao, Naveed, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

"Mwanangu, leo chai mnakunywa ndani. Jikoni kwangu hakuna nguruwe, wala harufu yake."

Akanitazama. "Hakuna kabisa, anti?"

"Kabisa. Nimekupa neno langu."

"Basi nitamwambia mzee Zulfiqar," akasema, akinielekeza kwa kidevu kwa mzee wa kofia ya sufu aliyekuwa akifuta kiti chake kwenye meza ya kuhesabia mabao. "Yeye akikaa, wote watakaa. Asipokaa, hata mimi sikai."

Nikarudi jikoni nimefurahi. Nilikwishachemsha mayai, nimekata tango jembamba, nimekuna jibini. Visu nilileta vyangu vipya. Birika kubwa la umeme lilianza kunguruma. Thelma akaingia na skonzi zake zimefunikwa kitambaa, zingali na joto, harufu yake imejaa jiko zima. Skonzi za Thelma hushinda kila mwaka kwenye maonyesho ya kijiji, na hapa hakuna anayezitania. Ni rafiki yangu tangu usichana. Siku tuliyomzika Clifford ndiye aliyenishika mkono mpaka mwisho.

Nje, vijana wetu ndio waliotangulia kupiga, na walikuwa wakianguka kama nguo kamba ikikatika. Thelma akachungulia dirishani.

"Craig katoka tena! Huyu alikuja kupiga au kusalimia?"

"Mwache, mkewe kajifungua juzi, hapati usingizi."

"Basi angelala kule kule mbele ya zile fito anazozilinda, angalau mpira ungemgonga yeye." Akageuka, akafunua skonzi. "Hebu tazama, shoga. Chini hazikushika hata moja. Siagi huunguza. Trei nilipaka yale mafuta meupe ya mchinjaji, kama mama."

Nilikuwa napakua malai. Kijiko kikasimama.

"Mafuta gani, Thelma?"

"Ya nguruwe, kwani mengine yapi? Kwenye unga nimetia siagi tupu, kama ulivyosema. Nguruwe hamna humo."

"Lakini umeyapaka kwenye trei."

"Trei si skonzi, Mavis!"

Nilitamani iwe hivyo. Nilizitazama zile skonzi, zimenyanyuka, zimepiga wekundu juu, na ndani ya moyo nikasikia sauti ikiniambia nani atajua. Thelma akaisema kwa kinywa chake.

"Nani atajua? Hayaonekani, hayanuki."

"Mimi nimeshajua. Na yule kijana nimempa neno."

"Kwa hiyo nizitupe?"

"Usizitupe. Vijana wetu watazila. Tutaziweka kando, tuseme wazi ni za nani."

"Kando! Skonzi zangu zikae kando kama za mgonjwa?" Shingo yake ikawa nyekundu. "Mimi nimeamka alfajiri. Haya, lisha watu wako." Akachukua mkoba, akatoka, akajifungia ndani ya gari lake, kioo juu.

Nilisimama nikiwa nimeshika ukingo wa sinki. Nikamwomba Mungu anipe la kufanya, na alainishe moyo wa Thelma, nami anipunguzie maneno. Kelele zikalipuka uwanjani. Wa sita wetu huyo katoka.

Nikaenda hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Naveed alikuwa amesimama karibu, mikono kiunoni, wanangoja mpigaji mwingine aingie.

"Mwanangu, neno langu lina kasoro," nikamwambia. "Trei ya skonzi imepakwa mafuta ya nguruwe. Vingine ni safi. Nimeona bora usikie kwangu kabla hujaketi."

Akashusha kichwa kidogo. "Anti, ungenyamaza tungekula."

"Najua. Nakwenda kupika kingine. Wewe usiwatoe vijana wetu upesi hivyo."

"Hilo waambie wao," akasema, na meno yakaonekana. "Wanajitoa wenyewe."

Kikaango cha klabu sikukigusa. Kile kimekaanga nguruwe tangu sijaolewa. Nyumba yangu iko nyuma ya ua wa miti, nikapita kwenye kijilango, nikachukua kikaango changu cha chapati za maziwa. Huwa nakitoa mara moja kwa mwaka, Jumanne ya kabla ya Kwaresima, na hakijawahi kuona nyama. Nikachukua na mwiko, siagi, mayai, unga na maziwa, vyote ndani ya beseni, nikarudi mbio kadiri miguu yangu ilivyokubali.

Chapati ya kwanza iliungua. Ya pili ilikatika. Ya tatu nilikuwa naibembeleza kwa mwiko nikasikia mlango.

"Unawapikia watu saruji?" Thelma. Alisimama na mkoba wake mkononi. "Moshi umefika mpaka kwenye gari. Kikaango umepaka nini?"

"Siagi."

"Mwiko huo umetoka wapi?"

"Nyumbani. Mpya."

Akaweka mkoba chini. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama daktari. "Sogea. Na ongeza maziwa kwenye huo unga, Mavis, tafadhali."

Yeye aligeuza, mimi nilipaka jamu na kupanga. Skonzi nilizihamishia meza ndogo ya dirishani, na Thelma aliniona nikizihamisha, akageuza chapati nyingine. Sahani ya chapati ilikuwa imefika nusu tu wa mwisho wetu alipotoka.

Wakaja wote kwa mkupuo, wetu mbele, wageni nyuma. Wageni wakasimama mlangoni. Mzee Zulfiqar akapita katikati yao, akavua kofia, akaitazama meza kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Zipi ni za ile trei?" akauliza.

Mimi nilifungua mdomo, lakini Thelma akawahi. Mwiko bado uko mkononi, uso umemwiva.

"Zile pale dirishani. Zote. Nilipaka mimi. Usiziguse."

"Na hizi?"

"Siagi tupu. Nimezigeuza mwenyewe, aliyeziunguza za kwanza ni huyu."

Mzee akanitazama, akamtazama Thelma. Kisha akavuta kiti cha katikati ya meza, akakaa. Naveed akakaa mkono wake wa kulia. Viti vikaanza kukwaruza sakafu, na Craig akajikuta amebanwa baina ya warusha mpira wawili waliokuwa wakiwanyanyasa vijana wetu tangu mchana.

"Huyu mpeni chapati," mmoja akasema. "Uwanjani hajapata chochote leo."

Wageni wawili hawakuingia. Niliwapelekea chai kwenye gari, wakashukuru, nikawaacha. Niliporudi, Thelma alikuwa anamimina, na mzee Zulfiqar ameinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, chai yenu ni nyepesi."

"Mngewaacha vijana wetu wapige kidogo," Thelma akamjibu, "ingepata muda wa kukolea."

Mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akakisogeza mbele ya Thelma amwongezee. Mwamuzi alipogonga mlango kuwaita uwanjani, hakuna aliyesimama.