Sebule Isiyo na Ukuta

Picha za nyumba yetu zilizunguka kwenye simu za watu mpaka zikatufikia wenyewe. Chini yake watu walikuwa wameandika kwamba hii ndiyo nyumba ya ndoto. Mimi niliyekuwa nimelala katikati ya ndoto hiyo, chali, miguu juu ya mito, nilitamani mtu mmoja tu aniletee tofali.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na nyumba nzuri. Nimezaliwa karibu na Kagongwa, kwenye nyumba ya udongo ambayo mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha kitanda, kwa hiyo asinifundishe mtu uzuri wa vigae. Maduhu, mume wangu, alipofanikiwa kwenye biashara ya dhahabu na kununua kiwanja mwinukoni hapa Geita, nilifurahi kama mwehu. Akamleta mbunifu kutoka Dar, binti mmoja anaitwa Loveness, mwenye kucha ndefu na sauti ya upole. Loveness alitembea juu ya msingi akichora hewani kwa kidole: hapa jiko, hapa meza ya chakula, hapa sebule iliyozama ngazi tatu chini ya sakafu, vyote vinaonana. Juu, chumba cha kulala kinachotazama sebule kupitia kioo. Bafu nalo la kioo. Upande wa bustani ni kioo kitupu kutoka chini mpaka darini. Nilipomuuliza kuta ziko wapi, alitabasamu.

"Kuta ni mambo ya zamani, madam."

Ningebisha, ningebisha sana, ila nilimtazama Maduhu usoni nikanyamaza. Kabla ya kuwa mnunuzi alikuwa mchimbaji, na duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilishawahi kumfunika. Alikaa chini kule gizani, mwenzake amekufa begani kwake, mpaka walipomfukua. Tangu hapo chumba kidogo kinamkaba pumzi. Kwenye nyumba ya kupanga alikuwa analala mlango wazi, mbu wakitula wote wawili. Kwa hiyo Loveness aliposema nyumba isiyo na kuta, mwenzangu alisikia hewa. Nani angemnyima hewa mumewe?

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili. Kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi miaka yote hiyo nilibaki Bernadina, mke wa Maduhu, wakati wenzangu wa rika moja ni Mama Nani na Mama Nani. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano, daktari alinishona mlango wa kizazi, akaniambia maneno makavu: lala, usipande ngazi, usisafiri, ukisimama kwa mchezo utampoteza na huyu. Maduhu akanitandikia godoro kwenye ile sebule iliyozama, na mimi nikampigia simu mama yangu. Nilimtaka mama. Sikutaka mfanyakazi wala muuguzi wa kulipwa, nilimtaka yeye, na mikono yake.

Mama yangu, Paskazia, alifika na kuku wawili na mfuko wa karanga. Akavua kandambili mlangoni, akaingiza kichwa, akasimama hapohapo. Niliona macho yake yakitoka kwangu yakaenda jikoni, yakapanda ngazi, yakafika juu kwenye kile kioo. Kitanda chetu kilikuwa kinaonekana chote, pamoja na suruali ya Maduhu juu yake. Akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto.

"Bernadina, mkwe wangu anakaa upande gani?"

"Kote, mama."

"Na mimi nitakaa upande gani?"

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaketi chumba kimoja, hawali wakionana, hawashikani hata mkono. Si chuki, ni heshima, na mama yangu alikuwa ameishi na heshima hiyo miaka mingi kuliko alivyoishi na baba. Nyumba yao ya udongo, na umaskini wake wote, ilikuwa na kuta za kutosha kuwasitiri wakwe watano. Nyumba yangu ya kifahari haikuweza kumsitiri hata mmoja.

Basi mama akahamia chumba cha nje, karibu na geti. Mchana alikaa kibarazani, ng'ambo ya kioo, kiti chake kikiwa kimeipa nyumba mgongo. Tuliongea kupitia upenyo wa mlango. Hata Maduhu akitoka hakuingia, maana kitanda cha mkwe wake kilikuwa kinamtazama kutoka juu. Akishapika uji huko nje aliuweka sakafuni mlangoni, akagonga kioo, akaondoka, ndipo Maduhu auchukue aniletee. Mume wangu, tajiri wa watu, alikuwa mhudumu wa kubeba bakuli kati ya mama na mwana. Ungeona ungecheka. Mimi sikucheka. Usiku tumbo likivuta nilikuwa nalia kwa hasira, mama yupo hatua chache na siwezi hata kushika kanga yake.

Nilimwomba Maduhu ajenge ukuta. Ukuta mmoja tu, mwembamba, wa mbao hata. Akaniambia sawa, kwanza tujaribu pazia. Akafunga pazia zito kuzunguka sebule, akalala kando yangu alasiri ile. Aliamka akipiga kelele, akalirarua lote na mabomba yake, akakimbilia bustanini kuhema. Nilibaki nimelala palepale nikiyatazama mabomba yaliyopinda, na nikajua sitaomba tena. Alijitolea kuhamia gesti. Mama aliposikia alikataa kabisa.

"Mwanaume hafukuzwi kwake kwa ajili yangu. Na usiku ukishikwa, mimi nitaendesha hilo gari?"

Nilimchukia kila mtu siku hizo. Nilimchukia Loveness na ukarimu wa kidole chake, nilimchukia mama kwa ugumu wake, nilimchukia Maduhu kwa woga wake, kisha nikajichukia mimi kwa kuwa na mwili usiojua kushika mtoto. Kati ya wote hao hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Ningempata mwenye kosa ningemrushia bakuli la uji.

Ilikuwa Jumapili, mchana, mwezi wa saba wa mimba umeanza. Mlinzi wetu, Masalu, alikuwa ameenda msibani Isaka tangu Ijumaa. Mama mwenyewe ndiye aliyemfungia kitafunwa cha njiani. Maduhu alikuwa juu anaoga. Nikasikia joto likishuka mapajani. Niliingiza mkono chini ya shuka, ukatoka na damu.

Niliita. Maji ya bafuni yalikuwa yanapiga kelele juu, hakunisikia. Niliita tena, sauti ikakatika, tumbo likanikunja. Kibarazani mama aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aje alitazama ndani moja kwa moja, akaniona, akaona na shuka.

"Mayu! Mwanangu! Usiinuke! Usiinuke, mayu!"

Kelele yake ndiyo iliyomtoa Maduhu. Akatokea juu ya ngazi na taulo kiunoni, povu la sabuni kichwani, hadharani kabisa, kwa sababu kwenye nyumba ile hakukuwa na sehemu isiyo hadharani. Mama alimwona. Nilijua amemwona kwa jinsi alivyoinamisha shingo. Nikawaza basi, ataondoka, atakimbilia geti, nitafia hapa mimi na mwanangu huku kila mtu akitunza adabu yake.

Mama alivuta kanga yake ya mabegani, akajifunika kichwa kizima, uso na macho, akaikaza kidevuni kwa mkono mmoja. Kisha akasukuma mlango wa kioo akaingia.

Alikuja akipapasa. Mkono wake ulikuwa mbele, unatafuta kitu cha kushika, ukuta, mwimo wa mlango, chochote, na hakukuwa na kitu. Ni sakafu tupu inayoteleza na hewa. Aligonga kiti cha kaunta, akayumba, akaendelea. "Niite," alisema ndani ya kanga. "Niite nikufuate." Nikamwita. Nilimwita mama, mama, kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka maumivu yakaniziba mdomo, na alipokosa sauti yangu akapinda njia. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa zile ngazi tatu.

Nilinyoosha mkono hewani.

Maduhu alishuka ngazi za juu kwa mruko. Akafika pembeni yake, akasita kidogo sana, nikaona mkono wake ukienda na kurudi. Kisha akamshika. Alimshika mama mkwe wake kiganja kwa kiganja, na mama akasimama ghafla, kwa sababu aliufahamu ule mkono wa mwanaume, mgumu, una maji ya kuoga. Mguu wake ukatafuta ngazi ya kwanza. Maduhu akamshusha, ya pili, ya tatu, taratibu, akamfikisha kwangu, akamwachia na kugeuka.

Mama alipiga magoti, uso bado umefunikwa, akaanza kunishika. Kichwa, shingo, tumbo. Alikaa na mikono juu ya tumbo muda ambao sitaki kuukumbuka.

"Anacheza," alisema. "Leteni gari."

Njia nzima alinipakata kiti cha nyuma, kanga usoni, akisali Kisukuma. Maduhu aliendesha na povu lake limemkaukia kichwani. Mtoto alitolewa kwa upasuaji jioni ileile, msichana, mdogo wa kutisha, akapelekwa chumba cha joto. Kesho yake daktari alisema anapumua mwenyewe. Hakuahidi zaidi ya hapo, na mimi sikuthubutu kumwuliza.

Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda changu, kanga imerudi mabegani, ananilisha uji kwa kijiko. Maduhu alisimama nje kwenye korido, ametupa mgongo, kama inavyotakiwa. Mama alikoroga uji muda mrefu bila kuninywesha.

"Bernadina."

"Abee, mama."

"Yule mlinzi wenu aliyenishika mkono jana." Hakuniangalia. Masalu alikuwa bado msibani Isaka. "Mwambie nimeshukuru. Mwambie ni mtoto aliyelelewa."

Mgongo wa Maduhu pale koridoni ulitikisika.

"Nitamwambia, mama," nikasema, nikaanza kulia.