Wote Wawili Nawafahamu

Kwenye gazeti alikofanya kazi walimwita Nukta, kwa sababu katika miaka thelathini ya kusahihisha habari hakuna sentensi iliyompita bila nukta yake. Alipostaafu, jamaa walitegemea atatulia na kulea wajukuu. Yeye akanunua meza, akaiweka sebuleni palipokuwa na kochi la mumewe, akatangaza kuwa anaandika kitabu juu ya mauaji ya kinyozi. Mumewe akauliza kama marehemu naye atahitaji kiti, maana nyumba imeanza kujaa.

Mauaji yale hakuna mtu mzima mjini aliyeyasahau. Miaka kumi na minane nyuma, mchana kweupe, kinyozi aliyependwa na mtaa mzima alikutwa amechomwa kisu dukani kwake, redio bado inaimba. Aliacha mke na binti wa miaka sita. Siku ya tatu polisi walimkamata mdogo wake, fundi viatu, kutokana na maelezo ya muuza magazeti aliyekaa ng'ambo ya barabara. Shahidi huyo akafariki kwa maradhi kabla gazeti halijachapisha maelezo yake, sembuse kusimama mahakamani; kesi ikafutwa, fundi akaachiwa. Lakini mji ulishamhukumu zamani. Wateja walimkimbia, na shemeji yake hakutaka hata kulisikia jina lake. Fundi akahamia mwisho wa mji, akashona viatu vya watu wasiomjua.

Nukta alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Maelezo ya yule shahidi yalichapishwa ukurasa wa kwanza, na ni yeye aliyeyasahihisha. Alitia koma moja, akayapitisha.

Asubuhi moja aliyatandaza tena mezani, kalamu nyekundu mkononi. Yalisema hivi: "Nilimwona fundi viatu akiingia kwa kaka yake. Alitoka mbio, shati lina damu. Wote wawili nawafahamu."

Akakwama hapo mwisho. Akamwita mumewe asome.

"Wote wawili ni akina nani?" Nukta aliuliza.

"Si fundi na kaka yake?"

"Kaka mtu alishakufa shahidi alipohojiwa. Angesema alimfahamu. Huyu anasema watu wawili walio hai."

Mumewe akaenda mwenyewe kumletea viatu vyake vya kutokea.

Mtunza kumbukumbu wa mahakama, mama mcheshi mwenye funguo kiunoni, alimwambia kuwa yale maboksi mara ya mwisho yalisomwa na panya. Nukta alipiga chafya wiki tatu. Faili la kesi lilikuwa na nakala iliyopigwa chapa tu. Karatasi yenyewe, iliyoandikwa kwa mkono na askari aliyehamishwa wiki ile ile ya mauaji, aliipata kwenye boksi la kituo cha polisi kilichofungwa. Ilikuwa na mistari zaidi:

"Nilimwona fundi viatu akiingia kwa kaka yake. Alitoka akicheka, kaka yake akamsindikiza mpaka mlangoni. Baadaye nilimwona msimamizi wa jengo akiingia. Alitoka mbio, shati lina damu. Wote wawili nawafahamu."

Kila msahihishaji anaujua ugonjwa huo. Mpiga chapa ameandika "Alitoka", akainua macho, aliporudi kwenye karatasi akatua kwenye "Alitoka" ya pili. Yaliyo katikati yakaliwa, na fundi akavishwa shati la mtu mwingine. Nukta alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakabaki yenyewe. Yule mama mwenye funguo akaja na kikombe cha maji, akaketi naye sakafuni bila kuuliza kitu.

Alipotoka kwa wapelelezi kukabidhi karatasi ile, alishika njia moja kwa moja hadi kwa fundi. Alimkuta anashona soli. Fundi akasoma nakala, akairudia polepole.

"Shemeji ameona?" aliuliza.

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Basi nenda kwake, mama. Mimi nilikuwa najua."

Nukta akaona asiondoke na mzigo wake. Akamweleza kuwa maneno yale yalipita mikononi mwake, akatia koma moja tu.

"Na hiyo koma uliyotia, ilikuwa mahali pake?"

"Ilikuwa."

"Basi angalau kuna aliyefanya kazi yake," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Mjane wa kinyozi alisoma akiwa amesimama. Alimwita binti yake, ambaye sasa ndiye kinyozi katika duka la baba yake, wakatoka karibu wanakimbia, Nukta nyuma yao. Njiani ukanda wa kiatu cha mjane ukakatika, na maneno yote aliyoyapanga yakaanguka huko huko. Alifika mlangoni kwa fundi kiatu kimoja mkononi.

"Nimekukosea, shemeji."

Fundi alikipokea kile kiatu, akavuta kigoda, akaanza kushona. Mjane alilia hadi akachoka. Kisha akauliza siku ile walikuwa wanacheka nini.

"Alinionyesha kipara chake. Alikuwa amejipaka dawa ya kuotesha nywele wiki nzima, kikaota vipele."

"Mimi aliniambia ni joto," mjane alisema.

Walitazamana. Kicheko kilianza kwa binti, kikamshika mama yake, na fundi akalazimika kuweka sindano chini asijichome. Nukta alisimama mlangoni akiwa hajui ashike nini, mpaka binti akamvuta ndani aketi.

Msimamizi wa jengo alikamatwa wiki ile, mzee sasa, akakiri: kinyozi alimfumania akitoka na mali za wapangaji, naye akamfuata dukani kumnyamazisha. Alihukumiwa kabla mwaka haujaisha. Fundi akarudi mtaani, akapanga chumba jirani na duka la kinyozi. Siku ya kwanza watu walipanga foleni na viatu, vingine vizima kabisa, kila mmoja akitafuta namna ya kuomba radhi. Fundi alivipokea vyote. Vile vizima alivipiga rangi tu, akawarudishia wenyewe, na binti akapita kwenye foleni akiuliza nani anataka kunyolewa wakati anasubiri.